Aliyeondoka na Ufunguo

Simu ilinipata saa tisa kasoro robo usiku, na sote tunajua simu ya saa hizo huleta nini. Nilimfikiria shosho kwanza. Kumbe aliyekuwa kwenye laini ni kijana tuliyefanya naye kazi, yule wa zamu ya usiku. "Bro, sistemu imelala," akasema. "Kila kitu kinasema subiri."

Nilikuwa na umri wa miaka 24 na miezi saba tu kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza hifadhidata ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Jina lake litabaki kwangu. Kila usiku, saa sita na nusu, programu ndogo iliamka yenyewe bila kuguswa na mtu. Ilipitia akaunti za wanachama moja baada ya nyingine, ikakata marejesho ya mikopo, ikapiga hesabu ya riba, kisha ikalala. Kabla ya kuanza iliweka alama kwenye jedwali fulani, alama iliyosema: niko ndani, mtu asiingie. Hilo ndilo kufuli. Ikimaliza, inaliondoa.

Usiku huo iliingia, ikafunga mlango, ikanyamaza. Saa mbili na zaidi, kimya. Kazi nyingine zote zilizopangiwa usiku ule zilikuwa zimejipanga nje kama watu kwenye foleni ya benki ambayo mhudumu wake amekwenda chai.

Nilifanya kile nilichowaona wakubwa wangu wakifanya. Nikafungua laptopu kitandani, nikafuta ile alama, nikaianzisha kazi upya. Mambo yakafunguka. Kufikia saa kumi foleni ilikuwa imekwisha, nikamtumia yule kijana emoji ya dole gumba, nikalala usingizi wa mtu aliyeokoa nchi.

Asubuhi tukagundua kwamba wanachama kadhaa wamekatwa mkopo mara mbili. Ile programu ya kwanza haikuwa imekufa. Ilikuwa inangoja jibu kutoka mtambo mwingine, na jibu lilipofika ikaendelea pale ilipoachia, bila habari kwamba mimi nimeshavunja kufuli lake na kumwingiza mwenzake.

Saa nne akaja mama mmoja anayeuza nguo za mtoto Gikomba. Alishika simu mkononi, ujumbe wa makato ukiwa wazi, kana kwamba ni kitambulisho. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile.

"Mwanangu," aliniambia, "hii pesa ilikuwa ya karo. Nani amekupa ruhusa ya kuingia mfukoni mwangu mara mbili?"

"Pole sana mama. Tunarudisha."

"Leo?"

Haikurudi leo. Ilirudi baada ya siku mbili, kwa sababu kurudisha pesa kunataka sahihi, na sahihi zinataka watu walioko ofisini. Siku hizo mbili mtoto wake alikaa nyumbani.

Bosi wangu hakunifukuza wala hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Ulijuaje kwamba ile ya kwanza imekufa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona kimya, nikadhani ni kifo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, jioni baada ya jioni, kutafuta kama kuna mtu yeyote aliyewahi kulijibu swali hilo. Nimegundua kwamba lina umri mkubwa kuliko kompyuta.

*

Tuanzie kwenye reli. Sisi ni wa nchi iliyokua kandokando ya reli ya njia moja: ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Njia moja maana yake ni kwamba garimoshi linalopanda na linaloshuka hutumia vyuma vilevile. Lazima mmoja angoje pembeni. Lakini angoje mpaka lini, na atajuaje kwamba njia i wazi?

Waingereza walijifunza kwa damu. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, karibu na mji wa Norwich, mahali paitwapo Thorpe, garimoshi mbili ziliruhusiwa kuingia kwenye kipande kimoja cha njia kutoka pande mbili. Kulikuwa na maelewano mabaya juu ya ujumbe wa telegrafu: upande mmoja uliamini mambo yamepangwa hivi, upande wa pili vile. Zikagongana uso kwa uso. Watu 25 walikufa.

Wakati huo tayari kulikuwa na dawa fulani. Kila kipande cha njia kilipewa kijiti kimoja, na dereva hakuruhusiwa kuingia bila kukishika. Kijiti ni kimoja, kwa hiyo garimoshi ni moja. Safi kabisa, mpaka siku ambayo garimoshi mbili zinataka kwenda upande uleule zikifuatana. Wa kwanza ameondoka na kijiti. Wa pili amesimama hapa, njia nyeupe mbele yake, na hawezi kusogea, maana ruhusa iko stesheni ya mbali kwenye mkono wa mtu mwingine.

Mwaka 1878 fundi aitwaye Edward Tyer alileta jibu bora. Aliweka mashine mbili, moja kila mwisho wa kipande, zilizounganishwa kwa waya wa umeme. Ndani yake mlikuwa na visahani vya chuma. Ukitoa kisahani kimoja upande wowote, mashine zote mbili zinajifunga, na hakuna kingine kitakachotoka mpaka kile kirudishwe kwenye mojawapo. Sasa garimoshi zingeweza kufuatana au kupishana, lakini kamwe haziwezi kuwa mbili ndani kwa wakati mmoja.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye matatu. Ilikuwa hifadhidata yetu kabisa, imeundwa kwa shaba na mbao. Na ilikuwa na shimo lilelile: kama dereva amekwama katikati ya njia na kisahani mfukoni, mashine zitabaki zimefungwa. Zinajua kisahani kimetoka. Hazijui kilichompata aliyekichukua.

*

Miaka ya 1960 kompyuta zilianza kufanya kazi nyingi kwa pamoja, na tatizo la reli likahamia ndani ya sanduku. Programu mbili zinataka kuandika mahali pamoja. Zikiandika kwa pamoja, hesabu inaharibika. Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha mwaka 1965 suluhisho la jinsi programu zinavyoweza kupeana nafasi ili moja tu iwe ndani kwa wakati mmoja. Chombo alichokibuni kwa kazi hiyo alikiita semafo, jina la zile mikono za ishara zinazoinuka na kushuka kando ya reli. Kwa hiyo nikisema kufuli la hifadhidata ni mtoto wa reli, sitii chumvi.

Dijkstra pia aliona ugonjwa unaokuja na dawa hii. Programu ya kwanza imeshika A na inataka B. Ya pili imeshika B na inataka A. Kila moja inangoja mwenzake, na zitangoja mpaka umeme ukatike. Aliuita ugonjwa huo kumbatio la mauti.

Kama umewahi kukwama kwenye makutano ya barabara mjini saa kumi na mbili jioni, unaujua. Matatu nne zimeingia katikati, kila moja imeziba njia ya mwenzake, hakuna anayerudi nyuma, na kondakta wote wanapiga kelele. Mwaka 1971 Coffman na wenzake wawili, Elphick na Shoshani, walieleza kwamba mkwamo wa namna hii unahitaji mambo manne yatimie kwa pamoja: kitu kisichoweza kutumiwa na wawili, mtu anayeshika kimoja huku akingoja kingine, kutokuwepo kwa nguvu ya kumnyang'anya, na mduara wa wanaongojana. Vunja moja kati ya manne, jam inafunguka.

Mduara ni kitu ambacho mashine inaweza kukiona. Hifadhidata huchora ni nani anamngoja nani, na ikikuta mstari umerudi pale ulipoanzia, inamchagua mmoja na kumtoa. PostgreSQL, kwa mfano, isipobadilishwa, hungoja sekunde 1 tu kisha huanza kutafuta mduara. Mteja mmoja anapata ujumbe wa makosa, wengine wanaendelea na maisha.

Lakini usiku wangu haukuwa na mduara. Nilirudia kuuchora kwenye karatasi mpaka nikakubali. Kila kazi ilikuwa inamngoja mmoja, na huyo mmoja hakuwa anamngoja mtu yeyote ndani ya hifadhidata. Alikuwa anangoja simu kutoka nje. Kwa macho ya mashine hapakuwa na kosa lolote: kuna mtu ana kufuli halali, na kuna watu wenye subira. PostgreSQL hiyohiyo inayotafuta mduara baada ya sekunde moja, ukiiacha ilivyokuja, itamruhusu anayengoja kufuli angoje milele. MySQL, kwenye mtambo wake wa InnoDB, humwambia anayengoja arudi nyumbani baada ya sekunde 50. Angalia vizuri, lakini: anayefukuzwa ni anayengoja. Mwenye ufunguo anabaki ndani.

*

Sasa swali la pili: kwa nini kazi hizi hufanyika usiku, peke yake, bila mtu?

Jibu fupi ni kwamba mchana ni wa wateja. Jibu refu linapitia maabara ya Bell kule Marekani, ambako Ken Thompson aliandika programu iitwayo cron. Ilikuwamo kwenye toleo la saba la Unix la mwaka 1979, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki la wakati. Cron ni mtumishi wa ajabu. Anaamka kila dakika, anatazama orodha, anauliza: kuna kazi ya dakika hii? Kama ipo anaianzisha, kisha analala tena.

Kuna kitu kimoja ambacho haulizi. Haulizi kama kazi ya jana imeisha. Ukimwambia aanzishe jambo saa sita na nusu, ataanzisha saa sita na nusu, hata kama la jana bado liko mezani. Ni kama kengele ya shule: inalia tu, mwalimu awe amefika au hajafika.

Kwa hiyo watu wakaanza kuweka makufuli yao wenyewe. Mfumo wa zamani wa UUCP, uliosafirisha faili na barua kati ya mashine za Unix kwa laini za simu, uliweka faili ndogo kila ulipotumia laini, ili programu nyingine ikija ijue laini ina mtu. Mashine ikizimika ghafla, faili ilibaki, na laini ikaonekana ina mtu ilhali hayupo mtu. Baadaye wakaanza kuandika ndani ya faili nambari ya programu iliyoiweka. Anayekuja anasoma nambari, anauliza mashine: huyu bado yuko? Kama hayupo, kufuli ni la marehemu, livunje.

Hapo nikaona kosa langu la kwanza. Alama yetu haikuwa na jina la mtu. Ilisema tu "kuna mtu ndani". Lakini hata ingekuwa na nambari, ningeambiwa yuko hai, na kweli alikuwa hai. Kuwa hai na kufanya kazi ni mambo mawili, na kila aliyewahi kungoja huduma kwenye dirisha la ofisi analijua hilo.

Usidhani ni tatizo la ofisi ndogo. Juni 2012, kundi la benki la RBS la Uingereza lilibadilisha toleo la programu iliyopanga kazi zake za usiku. Kukatokea hitilafu, wakaamua kurudi kwenye toleo la zamani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu kazi za usiku hutegemeana: ya tatu haiwezi kuanza kabla ya ya pili. Foleni ya leo ikapanda juu ya ya jana. Wateja wapatao milioni 6.5 waliguswa. Watu hawakuona mishahara yao, malipo ya nyumba yakakwama, na wateja wa Ulster Bank waliumia hadi Julai. Mwaka 2014 wasimamizi wa benki wakaitoza faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Nilipoisoma ripoti ya faini, sikuwaza pauni. Nilimwaza mtu aliyekuwa zamu usiku ule, akitazama orodha ya kazi zisizosonga, kidole chake kikiwa juu ya kitufe.

*

Mtu aliyefikiria makufuli ya hifadhidata kwa kina kuliko wengi aliitwa Jim Gray. Miaka ya 1970 alifanya kazi IBM, San Jose, kwenye mradi wa System R, mmoja wa mizizi ya hifadhidata tunazotumia leo. Yeye na wenzake walilipa umbo thabiti wazo la muamala: kundi la hatua ambazo ama zote zinafanyika, ama hakuna inayofanyika. Ukimtumia mtu shilingi 500, zikitoka kwako lazima ziingie kwake. Haziwezi kupotelea njiani. Mwaka 1976 yeye, Eswaran, Lorie na Traiger walionyesha kanuni ya kulinda hilo: chukua makufuli unayohitaji, na ukishaanza kuachia usichukue tena. Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa katika fani ya kompyuta.

Tarehe 28 Januari 2007, Gray alitoka bandari ya San Francisco peke yake kwa mashua yake, Tenacious, kwenda visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mama yake. Hakurudi. Walinzi wa pwani walimtafuta. Marafiki wakapata picha za setilaiti, wakazigawa kwa watu wengi waliojitolea kuzipekua kipande kwa kipande mtandaoni, wakitafuta doa jeupe baharini. Hawakupata kitu. Mwezi Machi mwaka huohuo M-Pesa ikazinduliwa hapa kwetu, na wazo la muamala likaingia mfukoni mwa kila mama mboga.

Mahakama ilimtangaza Gray kuwa amefariki mwaka 2012. Ina maana kwamba kwa miaka mitano, kisheria, alikuwa mtu aliyeondoka na hajajibu.

Silisemi hili kwa mzaha. Linanigusa kwa sababu linaonyesha kwamba swali la bosi wangu halina jibu hata nje ya kompyuta. Sheria yetu ya ushahidi hapa Kenya inasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia, atachukuliwa kuwa amekufa, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Miaka 7. Kwa nini isiwe 6 au 9? Hakuna aliyeipima. Ni muda ambao jamii imekubaliana ili mjane aendelee na maisha na shamba ligawanywe. Na kile kipande cha mwisho, kuhusu kuthibitishwa vinginevyo, kinamwachia mlango yule atakayerudi.

Mwaka 1985 wanasayansi watatu, Fischer, Lynch na Paterson, walileta uthibitisho wa kihesabu ulio karibu sana na hili. Pale ambapo hakuna kikomo cha muda ujumbe unaoweza kuchukua njiani, mashine zinazozungumza kwa ujumbe haziwezi kuhakikishiwa kufikia makubaliano, hata kama ni moja tu inayoweza kufa. Shina la tatizo ni kwamba aliyekufa na aliyechelewa wanafanana. Wote wawili ni kimya.

Siku nilipolielewa hilo nilihisi nafuu, halafu aibu. Nafuu, kwa sababu nilikuwa nimekosa jibu ambalo halipo. Aibu, kwa sababu nililijibu hata hivyo, saa tisa usiku, nikiwa kitandani.

*

Kama huwezi kujua, unafanyaje? Historia imetoa njia chache, na zote zinakubali kwanza kwamba hatujui.

Ya kwanza ni kukodisha badala ya kutoa. Mwaka 1989 Cary Gray, ambaye ni Gray mwingine, na David Cheriton wa Stanford walipendekeza ruhusa yenye tarehe ya mwisho. Hupewi ufunguo, unakodishwa kwa muda. Ukitaka kuendelea, omba tena kabla muda haujaisha. Ukinyamaza, nyumba inarudi kwa mwenyewe. Ni landlord wa Nairobi kabisa.

Ya pili inamshughulikia yule anayerudi baada ya kudhaniwa amekufa. Google, kwenye mfumo wao wa makufuli uitwao Chubby waliouelezea mwaka 2006, walimwezesha mwenye kufuli kubeba hati inayoonyesha kufuli lake ni la awamu ya ngapi. Anapokwenda kuandika mahali, anaonyesha hati. Kama kufuli limeshapewa mwingine, hati ya zamani inakataliwa mlangoni. Laiti programu yetu ya kwanza ingeulizwa hati yake ilipoamka, yule mama asingekatwa mara mbili.

Ya tatu ni kutazama kabla ya kuvunja. Julai 1997 chombo cha Pathfinder kilitua Mars, kisha baada ya siku chache kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe. Kazi moja ndogo ya kupima hali ya hewa ilishika kufuli, kazi za kati zikaizuia isimalize, na kazi kubwa iliyohitaji kufuli hilo ikachelewa. Mlinzi wa ndani alipoona kazi kubwa haijaisha kwa wakati, aliwasha mtambo upya. Kuwasha upya kulifungua foleni kila mara, na kila mara tatizo likarudi. Wahandisi wangeweza kuzoea. Badala yake walikaa na pacha wa chombo hicho duniani mpaka tatizo likajitokeza mbele yao, wakaona chanzo, wakatuma marekebisho: aliyeshika kufuli apandishwe cheo kwa muda, amalize haraka, atoke.

Na ya nne inaturudisha kwenye reli. Nilijiuliza, kama kijiti kimepotea au mashine za visahani zimeharibika, Waingereza walifanya nini? Walimteua mtu. Mtu mmoja, kwa maandishi, mwenye kitambaa chekundu mkononi. Tangu hapo yeye ndiye kijiti. Hakuna garimoshi linaloingia kwenye kipande kile bila yeye kuwa ndani yake au kusimama pale na kuliruhusu. Kwa sababu mtu hawezi kuwa mahali pawili, njia inabaki salama. Ni polepole, lakini kila mtu anajua ni nani wa kuulizwa.

Ofisini tulibadilisha mambo. Alama yetu sasa ina nambari ya programu, saa iliyoanza, na muda wa kuisha. Muda ukipita, mfumo hauvunji kufuli wenyewe; unaamsha mtu. Kuna jina moja kwenye orodha kila usiku, na mwenye jina hilo pekee ndiye anayeruhusiwa kuondoa alama. Kabla ya kuiondoa anatakiwa aitafute programu ya kwanza, aone inafanya nini, aisimamishe, ahakikishe imesimama, kisha aandike alichokiona. Kila kato la mkopo nalo limepewa nambari ya siku yake, hivyo likija mara ya pili linakataliwa. Si mambo makubwa. Yangeweza kufanywa kabla yangu.

Yule mama alirudi mwaka jana kuchukua mkopo mwingine. Nilikuwa napita kwenye ukumbi wa wateja, akanitambua kabla sijamtambua.

"Wewe ndiye yule wa mara mbili," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Sasa usiku ikikwama, nani anaangalia?"

Nikamwambia ukweli: wiki hiyo zamu ilikuwa yangu. Alinitazama muda, kama anayekagua shati la mtumba akitafuta tundu, kisha akatia sahihi fomu.

Usiku huo simu ililia saa saba. Nilitoka kitandani, nikaketi mezani, nikawasha taa. Kazi ilikuwa imekaa muda bila kusonga. Niliitafuta programu, nikaikuta hai, inangoja jibu kutoka nje. Nikaipigia ile ofisi ya upande wa pili. Wakaniambia laini yao imechelewa, inarudi.

Nilichemsha chai nikangoja nayo. Saa nane kasoro dakika kumi ikamaliza, ikaondoa kufuli lake yenyewe, na foleni ikaanza kusonga.